Msitutishe na Ndege Kuukuu, Tuonyesheni Orodha Yenu

Makala hii ni ya ugomvi, nasema mapema ili asije mtu akalalamika. Nagombana na pande mbili. Wa kwanza ni sisi wenyewe wakazi wa kambi, hasa wajuaji wa barazani na baadhi ya wazazi, wanaosema kwamba ndege zinazotua Pemba ni majeneza yenye mabawa, kalamidadi tupu, na mwenye akili hapandi. Wa pili ni ndugu zetu wa mashirika. Wao hawasemi hivyo kwa sauti. Wao wana orodha: ndege hii mtumishi wetu anaruhusiwa, ile haruhusiwi. Orodha yenyewe hatujawahi kuiona, ila kazi yake tunaiona.

Kwa msomaji aliyekuja juzi kutoka Nairobi au Geneva: kalamidadi ndiyo mitumba. Nguo za msaada zililetwa nchini miaka ya vita na ukame kwa jina la idara ya maafa, na neno hilo la Kireno likabaki kwenye nguo hata zilipoanza kuuzwa sokoni. Kwa hiyo mtu wa huku akiita ndege kalamidadi hasemi tu kwamba ni ya zamani. Anasema imevaliwa na wengine, imechakaa, ndiyo tukapewa sisi. Uchungu huo nauelewa vizuri. Ninachokataa ni kuutumia kama kipimo cha usalama.

Mwaka juzi msichana mmoja wa kikundi chetu cha vijana alipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu Maputo. Safari yote imelipiwa: ndege ndogo hadi Pemba, halafu jeti hadi Maputo. Mama yake akakataa katakata. Tulimwendea mara mbili, mimi na mzee wetu wa bloku, tukamwamkia, tukakaa mkekani, tukaongea. Akasema, "Mwanangu, mie nimeshazika wa kutosha. Simpandishi mtoto kwenye debe la miaka 30." Hapo utajibu nini? Binti akaenda kwa gari. Akashuka na N380, barabara ile ile ya Awasse na Macomia ambako magari yamechomwa moto na watu wamechinjwa, ambako siku nyingine hupiti bila msafara wa askari. Kisha basi kutoka Pemba hadi Maputo, zaidi ya kilomita 2,000. Alifika, tunamshukuru Mungu. Alifika siku nne baada ya wenzake, na nafasi yake alikuwa kapewa mtu mwingine.

Sasa nawauliza wajuaji wa barazani: binti huyu mmemwokoa na nini? Barabara mnaijua. Bahari pia mnaijua. Oktoba 2020 mashua iliyobeba watu wetu waliokuwa wakikimbia kuelekea Pemba ilizama kati ya Ibo na Matemo, wakafa zaidi ya 30. Aprili 2024, kule Nampula, mashua ya kuvulia iliyojazwa watu waliokuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu ilizama karibu na Ilha de Moçambique, wakafa karibu watu 100, wengi wao watoto. Hakuna aliyesimama barazani akasema kuanzia leo mtu mwenye akili hapandi mashua. Ndege tunaiogopa zaidi kwa sababu hatuizoei, na ikianguka inatangazwa dunia nzima. Gari likichomwa Macomia tunatangaziana wenyewe kwa simu.

Nije kwenye uzee wenyewe, maana hapa ndipo ujuaji unapozidi.

Mjomba wangu ni fundi wa majahazi. Ana mashua aliyoirithi kwa babu yake, na ukimuuliza ina miaka mingapi anacheka. Mkuku ni ule ule. Mataruma karibu yote yamebadilishwa. Mbao za ubavuni, nyingine zina miaka 40, nyingine miezi sita. Kila bamvua inapofaa huipandisha mchangani, huigongagonga kila mahali na kusikiliza sauti ya mbao, huchomoa kalafati iliyooza, hutia pamba mpya, hupaka sifa juu na shahamu chini. Jirani yake ana mashua mpya ya miaka mitatu, hajaipandisha hata mara moja. Mnajua wenyewe mngevuka na ipi hadi Vamizi.

Ndege ni hivyo hivyo, ila mafundi wake wanaandika kila kitu. Haihesabiwi miaka tu, inahesabiwa safari. Juu kule hewa ni nyepesi mno kwa binadamu, kwa hiyo ndani ya ndege husukumwa hewa ili watu wapumue. Mwili wa ndege hutanuka kidogo, na ikishuka hunywea. Safari moja ni pumzi moja. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua: mara ya kwanza hakina neno, mara ya hamsini kinakatika bila kukuaga. Wenyewe wanauita uchovu wa chuma. Ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa ndege kubwa huvuliwa nguo zote. Viti nje, sakafu nje, kuta za ndani nje, rangi inakwanguliwa, na chuma kinapimwa kwa mionzi na mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ambazo jicho halizioni. Ndege iliyopita hapo vizuri ikiwa na miaka 25 ni mashua ya mjomba wangu.

Na isipopita vizuri? Tarehe 28 Aprili 1988, visiwa vya Hawaii, Boeing 737 ya kampuni ya Aloha ilipasuka paa ikiwa angani, kipande cha mita kadhaa kikang'oka, abiria wakabaki wameketi chini ya mbingu tupu. Mhudumu mmoja alifyonzwa nje, hakuonekana tena. Wengine wote 94 walitua hai. Ndege ile ilikuwa na miaka 19, ambayo si mingi. Lakini ilikuwa imeruka safari zaidi ya 89,000, fupi fupi, kisiwa hadi kisiwa, kwenye upepo wa chumvi. Someni hapo mara mbili, enyi watu wa pwani. Safari fupi fupi na chumvi, ndiyo maisha ya ndege yoyote inayofanya kazi huku kwetu. Kwa hiyo mtu akitaka kuuliza swali la maana pale kiwanjani, asiulize ndege imezaliwa lini. Aulize imeruka mara ngapi, mara ya mwisho ilivuliwa nguo lini, na nani aliyeikagua.

Upya nao haukulindi. Novemba 2013 ndege ya LAM, Embraer 190, ilitoka Maputo kwenda Luanda ikaanguka Namibia, katika mbuga ya Bwabwata, watu wote 33 wakafa. Ilikuwa na mwaka mmoja hivi, bado inanukia dukani. Uchunguzi ulisema rubani mkuu aliishusha kwa makusudi, mwenzake akiwa nje ya mlango. Mei 2007 Kenya Airways ilipoteza watu 114 pale Douala kwenye Boeing ambayo haikuwa imetimiza mwaka. Na Machi 2019, ndugu zetu wa mashirika hili mnalikumbuka kuliko sisi: Ethiopian Airlines, Addis Ababa kwenda Nairobi, Boeing 737 MAX yenye miezi minne, watu 157. WFP peke yake ilipoteza watumishi 7 siku ile. Ndege mpya kabisa, ya kampuni inayosifiwa Afrika nzima, ikaangushwa na programu ya kompyuta iliyoshindana na marubani wake, miezi mitano tu baada ya mwenzake kuanguka Indonesia kwa sababu hiyo hiyo.

Sisemi kwamba kuukuu ni salama kuliko mpya, msinilishe maneno. Goma, Aprili 2008, DC-9 ya kampuni yenye jina zuri la Kiswahili, Hewa Bora, ilishindwa kupaa ikaingia mtaa wa Birere, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa chini waliokuwa kwenye shughuli zao. Ndege ilikuwa ya zamani, kweli. Lakini njia ya kurukia ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu 2002, na usimamizi wa anga wa Kongo kila mtu anajua ulivyokuwa. Ukiweka ndege mpya kwenye njia fupi, chini ya serikali isiyokagua, umeongeza rangi tu.

Mimi jeti ya zamani nimeipanda, kwenda semina ya viongozi wa vijana Maputo. Kampuni siitaji. Niseme ilivyo, maana wengi humu hawajapanda na wanasikia hadithi tu.

Kwanza inanuka: zulia lililolowa na kukauka mara elfu, kahawa, na mafuta ya taa, maana mafuta ya jeti na mafuta ya taa ni ndugu. Kioo cha dirisha kimechunika, unaiona bahari kama kupitia mfuko wa nailoni. Mfuko wa mbele ya kiti umechanika na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kwenye kabati za juu kuna maandishi ya kunata yaliyobanduliwa nusu, ya lugha ambayo si Kireno wala Kiingereza. Ndege za kukodi hutembea dunia nzima na hubaki na alama za walikotoka. Injini zikianza, kabati zote zinatetemeka, tatata, kama sahani kwenye lori.

Kisha ukatokea moshi kutoka matundu ya juu. Kijana wa Quionga niliyeketi naye akanishika mkono kwa nguvu, akaanza shahada. Mhudumu, dada mmoja mpole, akasema si moshi, kaka, ni ukungu. Pemba kuna joto na unyevu, na hewa baridi ya mtambo ikikutana na unyevu ule inafanya wingu dogo, sawa na pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Hata ndege mpya hufanya hivyo. Baadaye kijana huyo huyo akarudi kutoka chooni na ushahidi wake: kuna kisahani cha majivu ya sigara! Si unaona ni ya kale? Basi jamani, kisahani hicho kipo hata kwenye ndege iliyotoka kiwandani jana. Ni sheria. Mwaka 1973 ndege ya Varig ya Brazil iliwaka moto chooni karibu na Paris, wakafa watu 123, na sigara ndiyo ilishukiwa. Kuvuta kumekatazwa, lakini atakayevunja sheria awe na pa kuzimia, si kwenye pipa la karatasi.

Tulipaa, zaidi ya saa mbili tukiwa juu, tukatua kwa kishindo, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Lililoniuma halikuwa ndani ya ndege. Nililikuta ukumbini Maputo. Wafanyakazi wawili wa shirika lililotualika, watu wazuri, tunafanya kazi pamoja, walikuwa wametoka Pemba siku ile ile. Hawakupanda na sisi. Walipitia nchi jirani, kwa kampuni nyingine, wakalala njiani, wakafika wamechoka. Nikauliza kwa nini wajisumbue hivyo. Mmoja akanijibu bila ubaya wowote: "Sera ya usalama haituruhusu kupanda ile." Ile tuliyopanda sisi. Vijana 9 wa kambi, tiketi zetu zimekatwa na ofisi ile ile, kwa kompyuta ile ile. Nilimeza mate. Kwa sababu hapo kuna mambo mawili tu. Ama ndege ile si salama, na mmetupandisha sisi. Ama ni salama, na mnatumia pesa za msaada kuizunguka. La tatu mimi silioni, na mwenye nalo aandike toleo lijalo, nafasi ipo.

Najua orodha hizi zinatoka wapi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kampuni zote za ndege za Msumbiji kuingia anga yake Aprili 2011, kwa sababu usimamizi wa serikali yetu ulionekana dhaifu, na ukaziondoa kwenye orodha hiyo mwaka 2017. Ile ya Ulaya angalau inachapishwa, kila mtu anaisoma. Zenu mnazifungia kabatini. Na msiniambie mnaogopa uzee wa chombo. Mi-8, helikopta ya Wasovieti iliyoruka mara ya kwanza 1961, imebeba misaada na watu wa misaada Afrika nzima. Ndege za UNHAS, zinazosimamiwa na WFP, mnazipanda bila kuuliza zimezaliwa lini, kwa sababu mnamjua anayezikagua. Ndicho ninachokisema mimi kuhusu mashua ya mjomba. Sasa ujuzi huo, wa nani amekaguliwa na nani hajakaguliwa, unao wewe, na anayeketi kwenye kiti ni mimi.

Hili si jipya kwenye bahari yetu. Ngazija haiko mbali, kama kilomita 300 kutoka pwani hii, na Wakomori ni ndugu zetu wa ndoa na wa dini. Juni 2009 Wakomori wa Ufaransa walikuwa wakirudi kwao likizo, wengine kwenye harusi. Kutoka Paris na Marseille walipanda Airbus nzuri ya Yemenia. Walipofika Sana'a wakateremshwa, wakapandishwa nyingine, A310 ya mwaka 1990. Ndege hiyo ya pili wakaguzi wa Ufaransa waliikuta na kasoro nyingi mwaka 2007, na tangu hapo haikukanyaga tena Ufaransa. Huko ilikuwa haifai. Kwa njia ya Moroni ilifaa. Usiku wa tarehe 30 Juni ikaanguka baharini karibu na kutua. Walikuwemo watu 153, akatoka hai mmoja, Bahia Bakari, msichana wa miaka 12 aliyeshikilia kipande cha ndege gizani hadi akaokolewa.

Wajuaji wa barazani watasema, haya, si umeona, kuukuu imeua. Someni mpaka mwisho. Uchunguzi uliotolewa 2013 haukusema chuma kilichakaa. Ulisema marubani waliiendesha vibaya ikapoteza uwezo wa kuelea. Na mahakama ya Paris ilipoitia hatiani kampuni ile mwaka 2022, ilitazama mafunzo ya marubani, na kuendelea kwa safari za usiku wakati taa za kule Moroni mbovu. Ndege kuukuu ilikuwa dalili tu. Ugonjwa ulikuwa ni mtu kuamua kwamba kuanzia Sana'a abiria hawa hawahitaji tena kile walichohitaji kutoka Paris. Na Wakomori walikuwa wameshalalamika kabla, wengi na kwa sauti. Hawakusikilizwa.

Sisi wa Palma hatuhitaji kufundishwa na Moroni. Machi 2021, mji uliposhambuliwa tarehe 24, tuliona wenyewe kiti kinavyogawiwa. Meli ya Sea Star ilipofika Pemba na watu kama 1,400 kutoka Afungi, wengi walikuwa wafanyakazi wa mradi wa gesi. Mei mwaka ule Amnesty International ilichapisha ushuhuda wa watu waliokuwa hoteli ya Amarula, waliosema wazungu walitangulizwa kwenye helikopta, na mbwa nao wakapata nafasi. Kampuni ya helikopta ilikanusha. Sitaamua kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba mtu aliyejificha msituni siku zile, akitembea kwa miguu kuelekea Quitunda au Nangade huku helikopta zinapita juu, ukimwambia leo kuna orodha mbili za ndege hatakuuliza ushahidi.

Basi ninachotaka ni kidogo, na hakina gharama. Shirika lolote linalokata tiketi ya mkazi wa kambi, awe kijana wa semina, mama mjamzito anayepelekwa hospitali, au mzee wa mkutano wa amani, liandike kwenye karatasi ya safari: kampuni hii, watumishi wetu wanaruhusiwa kuipanda au hawaruhusiwi. Kama hawaruhusiwi, na sisi tusipandishwe. Kama fedha za kutuzungusha hakuna, tuambiwe, na sisi ni watu wazima, tutachagua wenyewe kati ya ndege, gari na kubaki. Na kama wanaruhusiwa, waje tukae nao safu moja, tushikane mikono ukungu ukitoka juu.

Na wazazi, shikamooni, kwenu nina ombi la heshima. Mkiambiwa mwanenu anapanda ndege, msiulize ni ya mwaka gani. Muulizeni yule aliyeleta tiketi kama yeye angeipanda, na mtazameni usoni anapojibu. Mama wa yule binti nilimwambia hivi wiki iliyopita. Akaniambia, "Ungeniambia siku ile, mwanangu, ningemuuliza." Siku ile mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaenda Maputo, sijaijua sera.

Semina nyingine imeshatangazwa, ni mwezi wa 10. Vijana 6 wamechaguliwa kutoka kambi yetu, wasichana 4 na wavulana 2. Nimeandika barua ofisini kuuliza wanakwenda na ndege gani na nani anakwenda nao. Leo ni siku ya 11, sijajibiwa.